Polima Nne Mbele ya Maji Yenye Asidi: Ipi Ishike Shaba, Ipi Iachwe

Mto Nyamwamba, magharibi mwa Uganda, unaposhuka kutoka milima ya Rwenzori na kupita Kilembe kuelekea mji wa Kasese, hupita kando ya marundo ya mabaki ya mgodi wa shaba uliofanya kazi kuanzia mwaka 1956 hadi 1982. Ndani ya mabaki hayo mna pairiti, madini ya chuma na salfa, ambayo yakipata hewa, maji na bakteria wanaojilisha kwa chuma na salfa, huzaa asidi ya salfuriki. Nayo asidi hiyo huyeyusha shaba, kobalti, nikeli na chuma kutoka kwenye mawe na kuvitia majini. Bakteria wa namna hiyohiyo ndio waliotumiwa baadaye kwa makusudi na kiwanda cha Kasese kilichoanza uzalishaji mwaka 1999, ili kutoa kobalti iliyobaki katika marundo. Kilichokuwa uchafu kwa mto kikawa malighafi kwa kiwanda, na ndiyo maana mtu anayeyatazama maji ya namna hiyo hana budi kujiuliza kwanza kama anataka kuzizika metali hizo au kuzivuna.

Makala haya yamekusudiwa anayetaka kuzivuna kwa kutumia polima, yaani molekuli ndefu iliyo kama mnyororo, inayoyeyuka majini, na ambaye hajajua achague ipi. Njia yenyewe si ngumu kueleweka. Ioni ya metali, yaani atomi yake yenye chaji ya umeme, ikiwa peke yake ni ndogo mno kuzuiwa na utando wa kuchujia, lakini ikishikwa na mnyororo wa polima wenye uzito wa makumi ya maelfu ya daltoni (kizio cha kupimia uzito wa molekuli), hubaki upande wa juu wa utando huku maji yakipenya. Baadaye mmumunyo ule mzito hutiwa asidi kali, metali huachiwa, na polima hutumika tena. Wauzaji wa kemikali hutaja kiasi cha metali ambacho gramu moja ya polima inaweza kushika, na hapo ndipo wanunuzi wengi hukosea, kwa sababu kiasi hicho aghalabu hupimwa katika pH (kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi inapozidi) ya 5 au 6, ilhali maji yatokayo kwenye mabaki ya mgodi yanaweza kuwa na pH ya 3 au chini yake. Rai yangu ni kwamba polima ichaguliwe kwa pH kwanza, kwa metali baadaye, na kwa bei mwishoni.

Abiria wawili, kiti kimoja

Polima hushika metali kwa makundi ya atomi yaliyopangwa kwenye mnyororo wake, mfano wa viti ndani ya taksi ya abiria kumi na wanne. Kiti chenyewe ni jozi ya elektroni iliyo huru juu ya atomi ya naitrojeni au ya oksijeni. Katika maji yasiyo na asidi kiti hicho huwa wazi na ioni ya shaba hukikalia bila taabu. Katika maji yenye asidi, shaba hukuta ioni ya haidrojeni imekwisha kukaa. Lita moja ya maji yenye pH 3 ina milimoli moja (milimoli ni kipimo cha idadi ya chembe) ya ioni za haidrojeni, na lita hiyo ikiwa na miligramu 64 za shaba, hiyo nayo ni milimoli moja, kwa hiyo abiria hao ni sawa kwa idadi. pH ikishuka hadi 2, haidrojeni huwa kumi kwa kila shaba moja. Zaidi ya hayo, shaba haitosheki na kiti kimoja bali hutulia ikipata viwili, vitatu au vinne kwa pamoja, na kwa kila kiti sharti haidrojeni moja ishuke. Ikilazimu kushusha mbili, kupungua kwa pH kwa kipimo kimoja tu hulifanya jambo kuwa gumu mara mia. Kisha kuna kikwazo cha pili ambacho husahaulika, nacho ni kwamba mnyororo wa naitrojeni uliojaa haidrojeni huwa na chaji chanya tangu mwanzo hadi mwisho wake, na ioni ya metali, ambayo nayo ina chaji chanya, husukumwa mbali hata kabla ya kukifikia kiti.

Anayetaka kuliona shindano hili bila maabara na apike chai ya rangi kwa maji ya kisima cha pampu ambacho mabomba yake yameliwa na kutu. Tanini za majani ya chai, ambazo ni molekuli kubwa zinazoyeyuka majini, hukishika chuma na kikombe kikawa cheusi kama wino. Akikamulia ndimu, weusi hufifia, kwa sababu haidrojeni ya ndimu hutwaa viti vya tanini, na pia kwa sababu asidi ya sitriki yenyewe hukinyang'anya chuma. Sisemi chai hiyo inywewe.

Polietilenimini na kitosani

Polima hizi mbili hushika kwa naitrojeni, na kwa shaba naitrojeni ni kiti bora kuliko oksijeni. Mpangilio uliotangazwa na Irving na Williams mwaka 1948 huonyesha jinsi ioni zenye chaji mbili zinavyozidiana kwa uimara wa kushikwa: manganizi ni dhaifu, kisha huja chuma, kobalti na nikeli, shaba ikiwa kileleni, halafu zinki hushuka tena. Kwa maji ya Kasese mpangilio huu una faida kubwa, kwa kuwa shaba na kobalti zimeachana kiasi cha kuweza kutenganishwa kwa kuibadilisha pH peke yake.

Kwa wingi wa viti, polietilenimini haina mpinzani. Kizio kimoja cha mnyororo wake kina uzito wa gramu 43 kwa moli na kimebeba naitrojeni moja, hivyo gramu moja ya polima ina takribani milimoli 23 za naitrojeni. Kizio cha kitosani kina uzito wa gramu 161, nayo gramu moja hutoa milimoli 6 na kidogo. Ikiwa kila shaba itakalia naitrojeni nne, dari ya polietilenimini ni miligramu 370 hivi za shaba kwa gramu, na ya kitosani haizidi mia moja. Dari hizo ni za hesabu tu, lakini zinaonyesha kwa nini polietilenimini hupendwa na watu wanaochuja kwa utando: polima kidogo hutosha, na mmumunyo haugandi mapema ukaziba vitundu.

Katika maji yenye asidi, polietilenimini huanza kuishika shaba kwa dhati pale pH inapokuwa kati ya 3 na 4, na inapofika 5 au 6 huwa imeishika karibu yote. Jambo hili huonekana kwa macho, kwa sababu samawati hafifu ya shaba iliyozungukwa na maji hugeuka buluu ya kukolea mara naitrojeni inapochukua nafasi ya maji. Kobalti hungoja pH ya juu zaidi, karibu 6 au 7. Kwa hiyo mtu anaweza kuyaweka maji kwenye pH 4 na kitu, akaizuia shaba na kuiacha kobalti ipite, kisha akaipandisha pH na kuichukua kobalti katika mchujo wa pili. Ukiishusha pH hadi 1 au 2, mateka wote huachiwa, na polima haioni dhara lolote, kwa kuwa mnyororo wake hauna vifungo ambavyo asidi huvikata kwa urahisi.

Kasoro zake ni tatu, na zote ni nzito. Ya kwanza ni kwamba polietilenimini yenyewe ni besi, yaani kinyume cha asidi, hivyo ukiimwaga katika maji yenye asidi sehemu kubwa ya naitrojeni hutumika kumeza haidrojeni, na utakuwa umenunua dawa ya kupunguza asidi kwa bei ya polima, ilhali chokaa ingefanya kazi hiyo kwa gharama ndogo. Ya pili, ukiimwaga haraka, mahali inapoangukia pH hupanda ghafla na madonge ya haidroksidi ya shaba huzuka. Mara nyingi huyeyuka tena ukikoroga, lakini mwenye haraka huyachukulia kuwa ni ushahidi kwamba polima imefanya kazi. Ya tatu ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwamba polima hii, hasa ile yenye matawi na mnyororo mrefu, hudhuru utando wa seli hai, na samaki ni miongoni mwa waathirika. Nyamwamba huishia Ziwa George, ambako watu huvua ngege. Utando ukipasuka na polima ikatoroka, utakuwa umeondoa sumu moja na kuingiza nyingine, na kwa sababu hiyo sioni kwamba polietilenimini inafaa mahali ambapo hakuna mtu wa kuukagua utando kila siku.

Kitosani, kwa upande wake, inasifika kwa upole, na ina sifa nyingine ambayo huwavutia watu wasiosoma maandishi madogo: haiyeyuki katika maji matupu, bali huyeyuka katika asidi. Msikilizaji husema basi hiyo ndiyo polima ya maji yenye asidi. Kumbe inayeyuka kwa sababu ileile inayoizuia kushika, yaani haidrojeni imekalia naitrojeni zake na kuupa mnyororo chaji. Nusu ya viti hivyo huwa wazi kwenye pH ya 6.5 hivi, chini ya 4 karibu vyote vimejaa, na juu ya 6.5 polima yenyewe hutoka kwenye mmumunyo na kuwa mashapo. Dirisha la kufanyia kazi ni jembamba, kati ya 5 na 6, na anayelikosa kwa upande wowote hapati kitu.

Lipo na jambo la salfeti, ioni inayobaki asidi ya salfuriki inapoachia haidrojeni zake, ambalo nilijifunza kwa aibu. Niliyeyusha kitosani asilimia moja katika asidi ya asetiki, asidi ileile ya siki, ikatoka safi kama uji mwepesi wa muhogo. Nilipoimimina katika maji ya mgodi ya kuigiza, niliyoyatengeneza kwa salfeti ya shaba na asidi ya salfuriki, ikakatika kama maziwa yaliyochacha. Nilimlaumu muuzaji kwa siku nzima, nikidhani ameniuzia bidhaa mbovu. Kosa lilikuwa langu: salfeti ina chaji hasi mbili, nayo hushika minyororo miwili ya kitosani kwa wakati mmoja na kuifunga pamoja, ndiyo maana kitosani huyeyuka katika asidi ya asetiki au ya haidrokloriki lakini haiyeyuki katika asidi ya salfuriki baridi. Maji ya pairiti yamejaa salfeti. Mwenye kutaka polima ibaki imeyeyuka hadi ifike kwenye utando na aisahau kitosani kwa maji hayo. Mwenye kutaka kukusanya tope laini ili lizame chini anaweza kuitumia, na kukatika kule kutamsaidia. Ajue pia kwamba kitosani ikikaa muda mrefu katika asidi mnyororo wake hukatika polepole, hivyo haivumilii kutumiwa tena na tena kama mwenzake.

Kitosani inayouzwa madukani hutokana na magamba ya kamba na kaa wa baharini, na kwa Uganda hiyo ni bidhaa ya kuagizwa. Hata hivyo, magamba ya wadudu yana kitini, ambayo ikichemshwa katika soda kali hugeuka kitosani, nami kila Novemba nikiona Masaka watu wakinyonyoa mabawa na miguu ya nsenene, panzi wanaoliwa, na kuyatupa, huwaza kwamba pale chini pana malighafi inayofagiliwa.

Asidi poliakriliki na polistirini salfoneti

Hizi mbili hushika kwa oksijeni zenye chaji hasi, na tofauti yao yote imo katika jinsi zinavyoing'ang'ania haidrojeni. Asidi poliakriliki ina viti vingi, milimoli 14 hivi kwa gramu, lakini ni asidi dhaifu. Kwenye pH 3 zaidi ya tisa katika kila kumi ya viti vyake vimekaliwa na haidrojeni, na kwa shaba huanza kuonyesha nguvu pH inapopita 4. Ikiisha kuishika kwa wingi, chaji hasi za mnyororo hufutwa, polima hupoteza sababu ya kupendana na maji, na mashapo ya rangi ya kijani na buluu hutuama chini. Ni polima ya bei nafuu na inayopatikana kwa urahisi, kwa kuwa hutumika katika sabuni za unga na katika kuzuia magamba ndani ya mitambo ya mvuke, lakini kwa maji yenye asidi ni chaguo la pili kwa kila kitu isipokuwa chuma, ambacho nitakirudia.

Polistirini salfoneti ni kinyume chake. Kundi lake la salfoneti ni la asidi kali, hivyo haidrojeni haikai juu yake hata kwenye pH 1, na viti vyake, milimoli 5 kasoro kidogo kwa gramu, huwa wazi daima. Mtu angedhani hapa ndipo safari inapoishia. Tatizo ni kwamba salfoneti haishiki kwa mkono bali kwa mvuto wa chaji tu. Ioni ya shaba hubaki imevaa maji yake, ndiyo maana rangi yake haibadiliki kuwa buluu ya kukolea, na polima haijali kama kilichokuja ni shaba, kobalti, kalsiamu au magnesiamu, mradi kina chaji mbili. Chenye chaji tatu hukipendelea zaidi. Maji ya mgodi yaliyopita kwenye chokaa yana kalsiamu nyingi kuliko shaba, na viti vitajaa kalsiamu ambayo hakuna aliyeihitaji. Polima hii inafaa maji machache, yenye chumvi kidogo na asidi kali ambayo mwenyewe hataki kuipunguza, kwa mfano maji ya kusuuzia katika karakana ya kupaka metali kwa umeme. Kwa maji ya mto siioni.

Alginati ya mwani haistahili kulinganishwa kwa urefu: pH ikishuka karibu na 3.5, inageuka asidi ya alginiki na kuganda kabla metali yoyote haijaikaribia. Polivinili alkoholi, ile iliyomo katika gundi nyingi, nayo haiishiki shaba kwa maana yoyote mpaka asidi iondoke kabisa.

Chuma huingia kabla ya wote

Chuma chenye chaji tatu ndicho kinachoharibu mipango mingi, kwa sababu hushikwa na oksijeni hata kwenye pH ya 2 au 3, pale ambapo shaba bado inangoja. Ukimimina asidi poliakriliki katika maji yenye chuma hicho, minyororo hufungwa pamoja na kuwa donge la kahawia, nawe umepoteza polima kabla ya kazi kuanza. Kwenye polietilenimini hali si tofauti sana, kwa maana pH inapopandishwa ili kuipata shaba, chuma huzaa haidroksidi yake ndani ya mmumunyo na kuziba utando.

Dawa ni kukiondoa mapema kwa chokaa. Chuma chenye chaji tatu hutuama pH ikiwa kati ya 3 na 4, alumini hufuata karibu na 5, ilhali shaba na kobalti bado zimeyeyuka. Tahadhari ni moja tu: chuma chenye chaji mbili hakitii amri hiyo, na katika maji yenye asidi hewa hukibadilisha polepole mno, isipokuwa bakteria wasaidie au kiongezwe peroksidi ya haidrojeni. Anayepima chuma kwa jumla bila kutenganisha aina hizo mbili atashangaa kuona utando unaziba ingawa chokaa ilitiwa.

Kromiamu hufuata sheria nyingine

Kwa wenye viwanda vya ngozi na wapakaji wa kromiamu, maelezo yote ya juu hugeuka. Kromiamu yenye hesabu ya sita, yaani iliyotoa elektroni sita, haiogelei majini kama ioni chanya bali kama kromati yenye chaji hasi, kwa hiyo mnyororo wa naitrojeni uliojaa haidrojeni, ambao ni balaa kwa shaba, kwake ni mwito. Hapa polietilenimini hufanya kazi vizuri katika pH ya 3 au 4 bila chokaa yoyote, na kitosani pia, mradi salfeti si nyingi. Ila asidi ikiwa kali, polima yenyewe huigeuza kromati kuwa kromiamu yenye chaji tatu, ambayo husukumwa na chaji ya mnyororo na kuweza kuponyoka kupitia utando; anayepima hesabu ya sita peke yake atadhani ameshinda.

Kromiamu yenye chaji tatu, ile inayotumiwa kutengenezea ngozi, ina tabia ya uzito. Molekuli ya maji iliyoshikamana na shaba hubadilishana na nyingine mara mabilioni kwa sekunde moja, lakini iliyoshikamana na kromiamu hukaa siku kadhaa. Kwa hiyo polima inaweza kuwa sahihi, pH ikawa sahihi, na baada ya nusu saa kisionekane chochote. Maji hayo yapashwe moto au yaachwe yakae, kabla ya kuihukumu polima.

Nani achukue ipi

Mwenye maji ya mabaki ya mgodi, yenye pH ya 3, chuma kingi na salfeti, na anayetaka kuivuna shaba na kobalti, ningemshauri chokaa kwanza hadi chuma kitoke, kisha polietilenimini pamoja na utando, endapo ana umeme wa uhakika wa kuendeshea pampu na mtu wa kusimamia. Akikosa kimojawapo kati ya hivyo viwili, aendelee na chokaa hadi pH ya 9 na kuzituamisha metali zote kama tope. Hatavuna kitu, lakini hatalidhuru ziwa. Mwenye maji machache yenye asidi kali na chumvi kidogo achukue polistirini salfoneti. Mwenye kromati achukue polietilenimini, au kitosani ikiwa asidi yake ni ya haidrokloriki na si ya salfuriki. Asidi poliakriliki ningempa yule ambaye maji yake yameshapanda hadi pH 5 na bajeti yake ni ndogo, akijua kwamba atakusanya mashapo badala ya mmumunyo.

Kabla ya kununua hata kilo moja, aombe gramu chache za majaribio na kufanya kipimo hiki kwa maji yake mwenyewe, si kwa salfeti ya shaba ya maabara. Ayachuje maji, ayagawe katika vikombe vitano vya mililita 50, na kuvirekebisha viwe na pH ya 2, 3, 4, 5 na 6. Atie kiasi kilekile cha polima katika kila kimoja, apime pH tena kwa sababu polima itakuwa imeibadilisha, airekebishe, na kuviacha hadi kesho yake. Aandike kikombe kipi kimekolea rangi, kipi kimeganda na kipi hakikubadilika. Tofauti kati ya pH ya kikombe kilichokolea na pH ya maji yanayotoka kwenye rundo ndiyo itakayomsaidia kukadiria atanunua mifuko mingapi ya chokaa kila mwezi, na mara nyingi gharama hiyo huzidi ya polima yenyewe.